Mzee Haanguki Ghafla

Uliza katika familia yoyote kwa nini bibi alivunjika nyonga, utaambiwa aliteleza bafuni. Ni kweli aliteleza. Ila sisi ambao kazi yetu ni kuwafuata wazee majumbani, kuwapima presha, kukagua vidonge vyao na kupanga upya vyumba wanavyolala, tukifuatilia anguko la namna hiyo mara nyingi tunakuta lilianza wiki nyingi nyuma. Kuna kidonge kilichoongezwa bila mtu kuuliza anameza vingine gani. Kuna mapaja yaliyonyauka kwa kukaa kutwa kwenye kiti. Kuna jicho lenye ukungu, na kuna maji ambayo bibi ameacha kuyanywa kwa sababu hataki kuamka usiku. Bafu lilikuwa kituo cha mwisho tu.

Ndiyo maana tukiombwa ushauri wa afya ya mzee hatuanzi na majina ya magonjwa, tunaanza na kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Aliyenusurika na mfupa uliovunjika hulazwa kitandani, na kitanda nacho kina madhara yake: vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu, damu kuganda miguuni. Siku 10 za kulala tu zinatosha kumwondolea mzee aliyekuwa mzima karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Anayetaka kuzuia kuanguka hana budi kushughulikia presha, sukari, macho, chakula, mkojo na usingizi, hivyo kazi hii moja inabeba nyingine nyingi.

Swali la kwanza linahitaji ustadi. Ukimwuliza mzee, "Umeanguka mwaka huu?" atakujibu hapana, hasa wanawe wakiwa wameketi pale. Anajua kwamba jibu la ndiyo linaweza kumtoa kwake Muheza au Marangu na kumhamishia kwenye chumba cha mjini. Uliza kwa upole, tena kwa njia nyingine: "Umewahi kujikuta chini?" "Mara ya mwisho kushika ukuta ili usianguke ilikuwa lini, babu?" Halafu tazama ukuta wenyewe. Kwenye nyumba iliyopakwa chokaa, mzee asiyekuwa imara huacha mstari wa alama za viganja kutoka kitandani hadi mlangoni. Tazama na miundi yake. Michubuko mipya iliyo juu ya makovu ya zamani inaeleza yale ambayo mdomo umeyaficha. Aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, aliyeanguka mara moja akaumia, aliyepoteza fahamu, au aliyeshindwa kuinuka mwenyewe, huyo yuko kwenye hatari kubwa na hahitaji kusubiri kipimo chochote.

Kwa wengine vipimo vipo, na havihitaji mashine. Chukua kiti imara, kikalio chake kiwe kama sentimita 45 kutoka sakafuni, ukiegemeze ukutani. Pima mita 3 mbele yake, uweke alama kwa chaki. Mzee akae ameegemea, amevaa viatu vyake vya kila siku, na fimbo yake mkononi kama anaitumia. Ukisema "haya, twende," anainuka, anatembea kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Saa ya simu ianze kwenye neno "twende" na isimame anapokaa. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Lakini usitazame saa peke yake. Mzee anayegeuka kwa vihatua vingi vifupi, au anayejitupa kitini badala ya kushuka taratibu, ana tatizo hata kama amemaliza kwa sekunde 10.

Kipimo cha pili ni cha mapaja. Mikono ikiwa imepishana kifuani, asimame wima na kukaa, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asipofikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asipofikisha 12, miguu imedhoofika. Kwa wenye miaka 80 hadi 84 kiwango ni 9 kwa wanawake na 10 kwa wanaume. Anayelazimika kujisukuma kwa mikono ili asimame, hesabu yake ni sifuri. Kipimo hiki huharibiwa na viti tunavyovitumia: kiti cha plastiki ambacho miguu yake inatanuka, au sofa linalommeza mtu hadi magoti yanapanda juu ya nyonga. Kwa kipimo cha mwisho asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asipoweza kukaa hivyo sekunde 10, usawa wa mwili umepungua. Simama ubavuni kwake wakati wote, mkono wako karibu na kiuno chake bila kumshika.

Presha ndiyo inayotuumiza kichwa kuliko yote, kwa sababu hupimwa nusu. Kliniki mzee hupimwa akiwa ameketi, saa tano asubuhi, baada ya kukaa kwenye benchi muda mrefu. Kipimo kikisoma 165 kwa 92, anaongezewa kidonge, na hakuna anayejua presha hiyo inakuwaje akisimama. Nyumbani fanya hivi. Alale chali dakika 5 bila kuzungumza, mpime. Asimame, umpime tena baada ya dakika 1, na mara ya tatu ifikapo dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoporomoka mtu akisimama, na ni miongoni mwa sababu kubwa za wazee kuanguka alfajiri. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, usiwe juu ya sweta wala mkono wa shati, na mkono huo uegemezwe usawa wa moyo hata akiwa amesimama. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Wakati mzuri wa kumgundua mwenye tatizo hili ni asubuhi kabla hajala, au nusu saa hadi saa moja baada ya mlo mzito, kwani damu huenda tumboni na presha hushuka zaidi.

Ukikuta inaporomoka, usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Presha ya juu isiyodhibitiwa huleta kiharusi, na kiharusi nacho humwangusha mtu. Andika namba za siku 3 au 4, za kulala na za kusimama, upeleke kwa daktari. Mara nyingi jawabu ni dogo: dozi inapunguzwa, kidonge kinahamishwa saa, au dawa moja inaondolewa. Wakati mnasubiri, mfundishe mzee namna ya kuamka. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu imegusa sakafu. Achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara 20, akunje na kukunjua ngumi, akae hivyo dakika 1 au 2. Asimame akiwa ameshika kitu kisichohama, atulie, kisha ndipo apige hatua. Glasi ya maji iliyowekwa kando ya kitanda na kunywewa kabla ya kuinuka husaidia sana. Haraka ya kwenda kupokea simu au kufungua mlango ndiyo inayovunja utaratibu huu, kwa hiyo simu ilale karibu naye, na wageni wajue kusubiri.

Sasa vidonge. Usimwulize mzee anameza nini, mwambie avilete vyote mezani, pamoja na vile vya kwenye pochi, vya chini ya mto, alivyopewa na jirani, na mizizi ya kuchemsha. Soma jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo, usiishie kwenye jina kubwa la kampuni. Tumekuta boksi mbili zenye rangi na majina tofauti, ndani yake dawa ni ile ile ya presha, amlodipini, mzee anameza dozi mara mbili na kila mtu anashangaa kwa nini miguu imevimba. Kisha zitenge zile zinazoangusha. Diazepamu aliyoizoea kwa ajili ya usingizi hukaa mwilini mwa mzee siku nyingi, hivyo ulevi wake hauishi asubuhi. Aliyeitumia muda mrefu asiiache kwa siku moja, daktari ampunguzie hatua kwa hatua. Amitriptilini anayopewa kwa ganzi ya miguu huleta usingizi na kushusha presha akisimama. Piriton ya mafua, inayouzwa duka la dawa kama peremende, humlegeza mzee, humkausha kinywa, inaweza kumfungia mkojo na kumvuruga akili. Tamsulosini na prazosini za tezi dume hushusha presha anaposimama, zaidi katika siku za mwanzo. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha, huumiza figo na huchoma tumbo. Kwa maumivu ya kila siku parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo, isizidi gramu 4 kwa siku, na mzee mwembamba sana au mwenye ini bovu apewe pungufu ya hapo.

Glibenklamaidi ya kisukari inahitaji maneno yake. Mzee humeza asubuhi, halafu anakunywa chai kavu na kipande cha muhogo kwa sababu hana hamu. Sukari inashuka mchana au usiku. Anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, anaanguka, na watu wanasema ni uzee au ni malaria. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha apate chakula cha kushiba. Kama huna kipimo, mpe sukari vile vile. Asiyejitambua asitiliwe kitu kinywani, apelekwe hospitali. Na hata aliyeamka apelekwe, kwa sababu dawa hii hudumu mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka upya wakati wote mmelala. Anayekusudia kufunga Ramadhani huku akimeza dawa hii aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, siyo baada ya siku tatu za kizunguzungu.

Usiku tunauheshimu kwa namna ya pekee. Mzee anaamka mara 3 kwenda kukojoa, gizani, akiwa na usingizi, presha imeshuka, kibofu kimejaa na kinamharakisha. Familia humwambia apunguze maji, na hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi: maji mwilini yanapungua, kizunguzungu kinaongezeka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unakuwa mzito na unawasha kibofu. Maji hayapunguzwi, yanahamishwa saa. Glasi 6 hadi 8 kwa siku, nyingi kati yake zinywewe kabla ya saa kumi jioni, na baada ya saa kumi na mbili anywe kidogo tu cha kumezea dawa. Mwenye moyo au figo zilizoshindwa afuate kiwango alichopewa na daktari wake. Chai na kahawa za jioni zisogezwe asubuhi. Kidonge cha kukojoza, furosemidi au hidroklorothiazaidi, kimezwe asubuhi. Tumekuta wengi wanakimeza usiku kwa sababu tu karatasi iliandikwa mara moja kwa siku. Mwenye miguu iliyovimba alale alasiri saa moja, miguu ikiwa juu ya mito, ili maji yale yarudi kwenye damu na kutoka mchana badala ya kumwamsha saa nane usiku. Mwanamume anayekojoa kwa kukatika katika achunguzwe tezi dume, na anayeamka mara nyingi huku ana kiu kali apimwe sukari.

Hata akirekebishiwa yote haya, njia ya chooni lazima ipite salama. Lala kitandani kwake ukiwa umezima taa, kisha uende chooni kama anavyokwenda yeye. Utagundua kizingiti, waya wa umeme uliokatisha, pembe ya busati iliyojikunja, ndoo iliyoachwa mlangoni. Mkeka na kapeti visivyobandikwa chini tunaviondoa kabisa. Kuvitandika vizuri hakutoshi, vitajikunja tena kesho. Taa ndogo ya sola au ya betri iwekwe chini karibu na sakafu, iwake usiku kucha, maana umeme hukatika na mzee hatafuti tochi akiwa amebanwa. Ukingo wa kila ngazi upakwe mstari wa rangi nyeupe wenye upana wa sentimita 5.

Choo kikiwa nje, mzee asitoke usiku. Mtengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kikalio sentimita 45, miguu minne iliyotanuka kidogo, mikono ya kushikia, na ndoo yenye mfuniko chini yake. Kiwe upande ambao mguu wake una nguvu. Kile kiti cha plastiki kinachokatwa tundu katikati tunakikataa: ukishakata kikalio, nguvu imekwisha, na kwenye sakafu ya marumaru yenye maji miguu yake hufunguka. Kwenye choo cha kuchuchumaa weka bomba la kushikia lililosimama wima, kuanzia sentimita 40 hadi 120 kutoka sakafuni, kwa sababu anayeinuka kutoka chini huvuta kwa kupanda mkono juu ya mkono. Bafuni bomba la mlalo likae kati ya sentimita 80 na 90. Unene wa sentimita 3 hadi 4 unamtosha mtu kulizungushia vidole. Misumari ya skrubu ifike kwenye tofali, isiishie kwenye plasta. Na kama ukuta ni wa udongo, achana na ukuta, chimbia nguzo ardhini sentimita 60 na uijengee zege. Kabla mzee hajalitumia, watu wazima wawili walivute kwa nguvu zao zote. Kitundikio cha taulo hakijawahi kuwa bomba la kushikia, na ndicho ambacho mikono ya wazee wengi hukikimbilia.

Kwa wazee wa Kiislamu udhu una hatari yake ambayo wataalamu wengi huipita. Kunyanyua mguu mmoja na kuuosha, sakafu ikiwa na maji, alfajiri, presha ikiwa chini: hapo mambo yote manne yamekutana. Kigoda imara cha kimo kinachomtosha, birika au kopo karibu na mkono, na beseni la kupokea maji, vinatosha kumfanya atawadhe ameketi. Anayepata kizunguzungu akiinuka kutoka sijida aswali kitini. Dini imemruhusu asiyeweza. Jambo hili likisemwa na imamu wa msikiti wake hukubaliwa haraka kuliko likisemwa na sisi, na hatuoni aibu kumwomba imamu atusaidie.

Viatu ni habari fupi. Vinavyofaa vina soli nyembamba ngumu yenye mistari isiyoteleza, na kisigino kilichofungwa kwa ukanda. Kandambili iliyolika na soksi kwenye marumaru vitupwe nje ya maisha ya mzee, na kanga au msuli viishie juu ya kifundo cha mguu. Kucha ndefu na sugu hubadilisha mwendo. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila siku, kwa kuwa huenda hahisi msumari uliomwingia.

Fimbo nyingi tunazoziona hazina kipimo cha mtu, ni za kurithi. Mzee akisimama amevaa viatu, mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu humwinua bega, ikiwa fupi humwinamisha. Inashikwa upande wa mguu mzima, siyo upande unaouma, na inakwenda mbele pamoja na mguu mbovu. Watu wengi hulikataa hili wakilisikia, lakini mwache atembee hatua kumi kwa kila namna, utaona mwenyewe. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima, kushuka huanza fimbo na mguu mbovu. Chini ya fimbo lazima kuwe na mpira, na mpira ukilika hadi kuwa laini ubadilishwe. Fundi viatu anaweza kuuchonga kutoka kwenye tairi.

Hata hivyo nyumba iliyopangwa vizuri haimsaidii mzee asiye na misuli. Hapa ndipo tungeomba familia ziweke nguvu nyingi kuliko zote, kwa sababu ndipo tumeona mabadiliko makubwa. Mpango wa mazoezi ya nyumbani uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ulipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja, na mazoezi ya namna hiyo tunayoyataja hapa hayahitaji chochote zaidi ya meza na kiti. Mara 3 kwa wiki, dakika kama 30, na kutembea siku nyingine. Anza na kusimama na kukaa mara 5, aongeze hadi 10, kisha mizunguko miwili. Asimame ameshika meza, ainuke juu ya vidole mara 10, kisha arudi kwenye visigino huku vidole vikiinuka mara 10. Anyanyue mguu mmoja kando, taratibu, mara 10 kila upande. Asimame kwa mguu mmoja sekunde 10. Atembee kisigino kikigusa vidole, kando ya ukuta, hatua 10. Mwanzoni ashike kwa mikono miwili, baadaye mmoja, halafu vidole viwili, mwisho mikono ikae juu ya meza bila kuigusa.

Kinachoharibu ni mambo mawili. La kwanza ni mazoezi ya kupunga mikono mtu akiwa ameketi, yanayofanywa na kikundi, yanayofurahisha, lakini hayamfundishi mguu kumbeba mwenye mguu. La pili ni kutoongeza ugumu: mzee ambaye hadi mwezi wa nne wa mazoezi bado anafanya mara 5 zile zile hapati tena faida. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika hata baada ya kupumzika, au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kwenda kupimwa. Uchovu wa mapaja kesho yake ni kawaida, umwambie mapema asije akaogopa.

Misuli hiyo inahitaji nyenzo, na uji mweupe asubuhi, chai mchana na ugali kidogo na mchuzi jioni havitoshi. Mzee wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66 za protini kwa siku, akiwa figo zake hazina tatizo. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 30 za dagaa wakavu hukaribia 17. Asiye na meno usimnyime dagaa: wakaange bila mafuta, toa mchanga, watwange pamoja na miiba yao laini, weka vijiko viwili vya kulia kwenye uji wenye karanga zilizosagwa. Miiba hiyo inampa na kalisiamu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na kiasi hicho kinajumuisha iliyo kwenye samaki wa ng'onda na viungo vya paketi. Tena atoke nje apate jua mikononi na miguuni, kwa sababu mzee anayefungiwa ndani hukosa vitamini D, na upungufu wake hulainisha mifupa na kuilegeza misuli ya mapaja.

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na jicho la pili lisisahauliwe miaka mitano kwa kuwa la kwanza linaona. Miwani yenye sehemu mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, humpotosha mtu kwenye ngazi. Avae ya mbali peke yake anapotembea nje.

Kuna anguko moja ambalo halihusiani na lolote kati ya haya. Mzee aliyekuwa anatembea vizuri ameanguka mara mbili ndani ya siku tatu, au amechanganyikiwa tangu jana, au ameacha kula. Huenda ana nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwili wa mzee mara nyingi hautoi homa kali. Joto la 37.8 kwake ni jambo zito, na anaweza asikohoe kabisa. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 25 au zaidi usisubiri asubuhi. Apimwe malaria, sukari, mkojo na kifua siku hiyo hiyo. Kumwambia "ni uzee, bibi" katika saa hizo kumewagharimu wengi maisha.

Akianguka licha ya yote, usimnyanyue kwa kumvuta makwapani. Mwache alipo, muulize anaumwa wapi, mwache ajongeze mikono na miguu mwenyewe. Maumivu kwenye kinena, mguu mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje: hiyo ni nyonga imevunjika. Asikandwe, asivutwe, asipelekwe kwa mtu wa kuunga mifupa. Weka mto au blanketi katikati ya miguu, ifunge miguu pamoja kwa kanga juu na chini ya magoti, mbebeni juu ya ubao au mlango. Aliyegonga kichwa na anameza aspirini au warfarini, dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, aende hospitali hata kama anacheka. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujionyesha baada ya siku au wiki kadhaa kwa maumivu ya kichwa, usingizi mzito au kubadilika tabia.

Kama hajaumia, muongoze ainuke mwenyewe. Ageuke ubavu, ajiegemeze kwenye kiwiko, apige magoti na mikono, mletee kiti mbele yake ashike kikalio kwa mikono miwili, aweke mbele wayo wa mguu wenye nguvu, asukume, na kiti cha pili kimngoje nyuma. Afundishwe hili akiwa mzima, juu ya godoro, siyo siku ya tukio. Anayeishi peke yake avae filimbi shingoni au simu kwenye kimfuko, kwani kulala sakafuni saa nyingi huumiza misuli na figo kuliko anguko lenyewe.

Siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachakaa, andika: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, alikula lini, alimeza kidonge gani na lini, alihisi nini sekunde chache kabla, alivaa nini miguuni, alipoteza fahamu au la. Mtu aliyeshuhudia aulizwe peke yake. Mzee anayesema "sijui, nimejikuta tu chini" achunguzwe moyo, kwa sababu mapigo yanayoruka au kusimama kidogo humwangusha mtu bila onyo, na hapo kipimo cha umeme wa moyo kinahitajika. Kesho yake, kama hana jeraha, asimame na atembee na mtu ubavuni, hata hatua 10 mara tano kwa siku. Pima tena presha ya kulala na kusimama, rudia kipimo cha mita 3 baada ya wiki 6, na daftari hilo liende kliniki ndani ya mfuko mmoja na vidonge vyake vyote.